Chai ya Mjomba Isitiwe Sukari

Ebla, msomee mama yako.

Asubuhi nilikwenda kwa kaka yake, chifu wetu, athibitishe kwamba wewe si shifta, si mwasi wa bunduki, upate pasi ya kwenda Nairobi kufanya mtihani wa chuo cha sheria Jumatatu. Amekataa. Ati, "Akiwa wakili akatetea shifta, nitaulizwa mimi." Nikamwambia kofia ya serikali imemla kichwa. Na mwaka wa ukame alikunywa maziwa ya ngamia wangu! Kinyaa kimenishika.

Naenda kwa DC mwenyewe. Fungeni mbuzi kabla ya kafyu.

Chifu akija, ~~mfukuzeni~~ mpeni chai, mgeni ni mgeni. Msitie sukari. Nawe Ebla, kaa mbele yake usome vitabu vyako vya mtihani kwa sauti.

Baba