Usiongeze Mkaa Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Lipangalala tu wazima, na mguu wa babu yako umepungua kuvimba.

Unauliza kama uongeze mkaa kwenye jiko, kwa kuwa vifaranga vinarundikana pembeni mwa kizimba. Subiri. Mimi nilianza na vifaranga mia mbili bila mtu wa kunifundisha, na sikuona aliyejali. Vilipojibana pembeni nikasema ni baridi. Nikaongeza jiko la pili, nikaziba kizimba chote kwa viroba vya mpunga. Vikaanza kufa. Wifi yangu, dada wa babu yako, akaingia bila hodi, akavuta viroba vyote chini.

“Wifi, unafuga au unabanika?”

Nilivyomjibu siandiki hapa. Lakini nilipoinama nikaona: vyote vililikimbia jiko, midomo wazi. Tukatoa jiko moja. Taratibu vikatawanyika kwenye pumba, vikaanza kudonoa. Nikahesabu mara mbili: mia moja themanini na vitatu. Nikakaa chini palepale, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo vitazame vyenyewe. Vikilisogelea jiko vinasikia baridi, vikilikimbia vinaungua. Ukivikuta vimelala huku na huku, vimejinyoosha, na wewe kajinyooshe.

Bibi yako