Nobert, Safari Hii Hatukuweka Picha ya Joho

Umetimia mwaka mmoja, Bwambale Nobert, tangu Jumatano ile ya Oktoba ulipoinama juu ya gunia la kahawa ghalani kwako Bwera, mkono ukiwa ndani hadi kiwiko, moyo wako ukasimama. Muzamiru, dereva wa lori lako, alidhani unanusa kahawa kama kawaida yako, akakungoja. Mpaka leo anajilaumu kwa kule kungoja.

Mama yeyote wa Karambi akishuka na debe lake moja la kahawa, ulimpa kiti kabla hujaligusa debe. Chai yako uliinywa ikishapoa. Na ukiingia hotelini kwa dada yako Biira, pale karibu na soko, uliuliza nani kaoa na nani kaachwa, kisha ukajifanya hupendi umbea.

Uliporudi na digrii ya kemia, baba yetu, mzee Zedekia, alichinja mbuzi wawili kule Bulembia, akaitundika picha yako ya joho juu ya redio. Ukaenda maabara ya Kampala, kwa miaka miwili ukapima maji ya watu wasiojua hata jina lako. Siku moja ukarudi, ukakodi ghala, ukaanza kununua kahawa.

Midomo ikafunguka. Mdomo uliotangulia ni wa bwana Byamukama, rafiki wa baba na mnunuzi wa kahawa tangu zamani. Tunamtaja kwa jina kwa sababu gazeti analisoma, na asiposoma atasomewa.

Bwana huyu alipima ukavu wa kahawa kwa meno. Punje mdomoni, anauma, anatema, anatangaza, "Mbichi hii, mama, rudi nayo." Mama akishajitwika mzigo wake, anaitwa tena, anapewa bei ya huruma. Wewe ulileta kamashini ka kupima unyevu, na kila mama ukamwonyesha namba yake kwanza, maneno baadaye. Byamukama akaja kusimama mlangoni, tumbo mbele:

"Jameni, kuja muone! Digrii muzima iko nashika gunia! Profesa, hako karedio kanashika stesheni gani?"

Nawe, bila kuinua kichwa: "Mzee, meno yako imekula nyama ya muchomo tangu asubuhi. Itajuaje unyevu ya kahawa?"

Soko lilicheka mpaka wauza samaki wa Kahendero wakaacha mizani. Baba hakucheka. Kanisani aliendelea kusema uko maabara, na siku za soko alipita mbele ya ghala lako akitazama ng'ambo ya barabara. Miaka tisa, Nobert. Hilo ndilo lililokuuma, si kelele za Byamukama. Hukulisema kamwe, ila kila siku ya soko uliweka kiti cha mbao karibu na mlango, na mtu akitaka kukikalia unamwambia, "Hicho kina mwenyewe."

Basi mwaka ule wa mvua nyingi, lori zima la kahawa iliyopimwa kwa meno likaota ukungu, likarudishwa kutoka Kampala. Byamukama alikuja kwako kwa mlango wa nyuma, punje chache zimefungwa kwenye leso kama dawa ya aibu. "Kijana yangu, hako kamashini kako wapi?" Ulimpimia. Ukamwambia atandaze turubai, aanike upya zile zinazookoleka. Hukucheka, hukumwambia mtu. Muzamiru ndiye aliyemnong'oneza Biira, na kufika saa sita mchana Bwera nzima ilikuwa na habari. Hilo dada yako haombi radhi.

Na nani alinyakua maikrofoni siku ya mazishi yako? Huyo huyo. "Mwanasayansi wetu! Mimi ndiye nilimushauri!" Akaihubiri kemia asiyoijua mpaka watoto wakalia njaa. Ghala lako hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Na getini, kwa amri yake na ya baba, ilikaa picha yako ya joho.

Wamama wa Karambi walikuja na magari mawili. Mama Immy, yule uliyekuwa unamwekea debe lake kivulini, aliitazama ile picha akawazuia wenzake: "Hapa si penyewe. Huyu mutu ya kanzu nyeusi hatumujui. Nobert yetu iko na shati ya vumbi." Wakageuza magari, wakaenda kutafuta msiba mwingine! Sowedi wa bodaboda aliwakimbiza hadi kona ya pili. Waliporudi udongo ulikuwa umeshalundikwa. Walikuja kukuona, hawakukuona.

Mwezi huu tulikaa kwa Biira kupanga kumbukumbu, nyumba imejaa mpaka wengine wanakalia ndoo. Byamukama, ambaye hakuna aliyemwita, alikuwa na kikombe cha tatu. "Muweke ya joho," akasema. "Mutu ya digrii aonekane mutu ya digrii."

Mkeo Ednah aliinuka. Alimpa baba picha aliyopiga Muzamiru ghalani: mikono ya shati imekunjwa, vumbi la kahawa limekaa hadi kwenye nyusi, unacheka na mtu asiyeonekana.

Baba aliisogeza karibu na macho. "Hii ndiyo sura yake ya kila siku?"

"Ndiyo, tata," Biira akasema. "Watu wote wanaijua. Ni wewe tu huijui."

Byamukama akaomba sukari. Hakupewa.

"Wekeni hii," baba akasema. "Ile ibaki kwangu."

Siku ya soko iliyofuata alipanda gari mwenyewe hadi Bwera. Aliingia ghalani mchana, watu wakimwona, akauliza kiti chake ni kipi. Ednah hakuhitaji kumwonyesha: kilikuwa bado pale pale karibu na mlango, kitupu. Alikikalia mpaka soko likavunjika.

Ibada ni Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani Bulembia. Wamama wa Karambi, tazameni getini: safari hii hamtapotea. Wapima kwa meno nao waje, chakula kipo, maikrofoni haipo.

Unakumbukwa na mkeo Ednah, wanao Docus na Tonny, dada yako Biira, rafiki yako Muzamiru, na baba yako Zedekia, baba wa mnunuzi wa kahawa.

Hatutakusahau, Nobert, wewe na vumbi lako.