Radhi Kabla ya Mfungo wa Bibi Esther

Observatory, Johannesburg

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua maumivu na mvua za Tabora zimeanza. Mimi mzima, kazi ipo. Nakuandikia kwa sababu simu yako hupokelewa na mdogo wangu Shabani, na haya nataka uyapate wewe kwanza. Vaa miwani usome mwenyewe.

Bado namtunza Bibi Esther, yule mjane wa Kiyahudi. Juzijuzi walikuwa na Mwaka Mpya wao. Huchovya tufaha kwenye asali ili mwaka uwe mtamu, kisha hujipima nafsi siku chache mpaka ufike mfungo mkuu. Watoto wake wote wako Australia, lakini aliniambia niandae meza ya watu sita, kama zamani.

Katika maandalizi, daftari la mapishi la marehemu mama yake likapotea. Bila hilo, alisema, hakuna keki ya asali. Nilitafuta hata kwenye pipa la taka. Akasimama nyuma yangu.

"Umelitupa. Nyinyi hamjui thamani ya karatasi ya mtu."

Nikanawa mikono. Nikarudi kumenya karoti.

Siku yenyewe, nilipokunjua kitambaa cha meza, daftari likadondoka. Alilikunjia humo mwenyewe mwaka jana. Nikamkabidhi. Akalipokea, akasema tule. Tukala wawili, viti vinne vitupu, na keki ya dukani.

Siku ya kuamkia mfungo alinifuata jikoni na mkongojo wake.

"Zuhura, nimekukosea. Nisamehe."

"Yameisha, Bibi."

"Hayajaisha. Yangu na Mungu, Mungu ataniachilia. Yangu na wewe, hayagusi mpaka wewe useme."

Kumbe nao wana hayo, Mama, kama sisi tunavyotakana radhi kabla ya Ramadhani. Nilipanga vikombe kabatini kimoja kimoja, nikamwacha amesimama. Lile neno la karatasi lilikuwa bado linauma.

"Eish, Zuhura, miguu inachoka."

Nikasema nimemsamehe. Nilipolisema, nikaona ni kweli.

Daktari amemkataza kufunga. Siku ya mfungo alimeza dawa kwa uji kidogo, kichwa ameinamisha kwa aibu. Siku hiyo nikafunga mimi. Sikumwambia.

Ilipofika alasiri, njaa imenikolea, nilikuwa nakuwaza wewe tu. Baba alipofariki nilikwambia mwajiri amenikatalia ruhusa. Si kweli. Bibi Esther aliniruhusu siku ileile, na begi nilikuwa nimeshalifunga. Lakini mimi na Themba tulikuwa tumeachana, na niliogopa kuingia msibani peke yangu watu waniulize mume yuko wapi. Nikalifungua begi, nikarudisha nguo kabatini. Nikamsingizia mzee wa watu, nawe ukamlaani kwenye simu, na mimi nikakuacha umlaani.

Naomba radhi yako, Mama. Ukitaka kunikasirikia kwanza, nikasirikie. Ya Baba sina tena wa kumwomba.

Nisalimie Shabani. Nisalimie na shangazi Mwajuma, ila habari hizi usimpe. Alimpoteza kaka yake, anastahili kuzisikia kwa mdomo wangu. Nimeomba likizo ya Desemba na nimekubaliwa. Nitakuja peke yangu, mchana, kwa mlango wa mbele.

Ni mimi mwanao,
Zuhura