Mapacha Wawili, Madawati Mawili Matupu

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kosa la wengi wetu: mtoto akiacha shule, tunakwenda kuzungumza na mzazi. Tunakunywa chai, tunasikitika, tunaaga. Mtoto mwenyewe yuko jikoni, anasikia anavyojadiliwa. Miaka thelathini na minne ya ualimu, mpaka nilipostaafu, niliwaonya wenzangu — na leo nimelifanya mimi!

Shule zimefunguliwa. Mapacha wa jirani, Kulwa na Doto, miaka kumi na sita, hawakupita mbele ya nyumba yangu. Nikaenda kwa mama yao, Levina. Matokeo ya kidato cha pili yametoka: Kulwa kafaulu, Doto kafeli, anatakiwa kurudia mwaka. Basi kawazuia wote wawili.

"Mapacha hawatenganishwi, Mwalimu. Nikimpeleka mmoja, wa pili ataugua."

Sikumcheka. Hapa kwetu mapacha hugawiwa sawa. Ukimnunulia mmoja gauni, unanunua mawili. Ukimbeba mmoja, mwingine asibaki chini. Desturi nzuri, iliwalinda watoto wengi. Lakini sasa imefunga milango miwili kwa kufuli moja.

Jumanne, 14 Januari

Nimemwona mkuu wa shule. Muungwana. Atamsubiri Kulwa mpaka Jumatatu ijayo. Baada ya hapo atamwandika mtoro, jina liende kwa mtendaji wa kata. Siku sita.

Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya jana: kumtafuta Doto. Nikamkuta mtaa wa Ng'ambo, karakana ya fundi Amon, miwani myeusi usoni, cheche zinaruka!

"Shikamoo Mwalimu. Usimwambie mama."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nachomelea geti." Alilisema kama vile nimemkuta anachambua mchele.

Kumbe tangu Novemba, mtihani ulipokwisha. Nyumbani anaaga anakwenda sokoni. Fundi Amon akawageukia vijana wake wawili, akasema kwa sauti ili wasikie: "Huyu binti mkono wake umetulia. Hawa wangu wanachomelea kama kuku anaparura jalalani!" Mmoja akajibu kwamba kuku naye hushiba kwa kuparura. Tukacheka.

Doto hakucheka. Alisema hataki kurudia. Hataki pia Kulwa akae nyumbani kwa ajili yake. Akilisema hilo mbele ya mama, mama analia, basi ananyamaza.

Chuo cha ufundi kinapokea fomu mpaka Jumatatu hiyohiyo. Sahihi ya mzazi inahitajika. Fomu nimeichukua.

Alhamisi, 16 Januari

Levina kagoma. "Mmoja ashike daftari, mwingine apakae masizi? Watu watasema nina mtoto na nina kibarua!" Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nafahamu kwamba naeleza mno — ugonjwa wa walimu.

Tukampigia baba yao, Masanja, yuko Sikonge kwenye tumbaku. Majani yamo kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, hawezi kuuacha moto. Akajibu kwa ufupi: muulizeni mama. Yaani mama yake, Bibi Kashindye, kijijini barabara ya Nzega.

Haya. Jumamosi tunakwenda.

Jumamosi, 18 Januari

Nimechoka, magoti yanauma, lakini niandike yangali mabichi.

Tulikuwa wanne: Levina, mapacha, na mimi. Bibi Kashindye alikuwa anamenya karanga. Wasichana wakapiga magoti. "Shikamoo bibi." "Marahaba, wake wenzangu! Mbona mmekonda, mume wetu hawalishi?" Ndiyo utani wa bibi na wajukuu. Levina peke yake alibaki amekaza uso.

Akasimulia yote, vizuri, bila kumsingizia mtu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Doto: "Wewe, unataka nini?"

"Kuchomelea vyuma, bibi."

"Na wewe?"

Kulwa akatazama chini. Akasema yeye anataka wakae pamoja.

Bibi akapepeta maganda. "Levina, siku ile niliwapokea mimi, kwa mikono hii. Kulwa katoka alfajiri. Doto katoka jua limeshachomoza. Je, tulimrudisha Kulwa tumboni akamngoje mwenzake?"

Levina akavuta kanga begani.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Hapana, mama."

"Na waliponyonya, huyu alipenda ziwa la kulia, yule la kushoto. Uliwagombeza?"

Levina akalia. Si kilio cha hasira. Bibi akamwachia alie, akaendelea na karanga. Halafu: "Huyu mchoma vyuma akijua kazi aje anitengenezee mlango wa banda. Mbuzi wa jirani wameshahamia humu kama mashemeji!"

Jumapili, 19 Januari

Baada ya misa Levina kasaini.

Jumatatu, 20 Januari

Doto kaondoka saa kumi na mbili asubuhi na mama yake, fomu kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Aligeuka mara mbili kutazama nyuma, kisha hakugeuka tena.

Nikadhani kazi imekwisha. Nikaweka chai. Hodi — Kulwa. Sare imepigwa pasi, soksi nyeupe, macho mekundu. Anasema toka darasa la kwanza hajawahi kwenda shule peke yake. Hajui hata atakaa na nani. Anauliza kama anaweza kuanza kesho.

Wiki nzima tumemhangaikia aliyefeli. Aliyefaulu hatukumtazama! Na huyu ndiye aliyekuwa akining'inia pembeni siku zote. Mtoto anaweza kupotea huku ana alama nzuri mkononi.

Yuko kibarazani sasa, begi mapajani. Nimemwambia nakuja. Akirudi nyumbani leo, kesho atarudi tena, na mkuu wa shule hataongeza siku.

Mstari wa asubuhi shuleni ni saa moja na nusu. Sasa ni saa moja na dakika tano. Kalamu chini. Vaa viatu, tembea naye mpaka darasani.