Pejo Iliyokohoa kwa Baridi ya Pepa

Kahozi, mupwa wangu,

Nakuandikia kwa mukono wa kushoto, maana wa kulia umevimba kama muhogo uliolala majini. Usinicheke. Yule aliyepigwa na mukono huu amevimba kunipita, na meno yake mawili ya mbele kuku wa mama yako waliyadonoa wakidhani ni mahindi.

Tangu tukuzike, mji huu umekuwa mubaya kwangu. Nikipita sokoni, wanawake wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, wananyamaza. Si heshima ya msiba. Wananyamaza kwa sababu ya neno lile ambalo Patro Kaseba, bosi tajiri wa ngombe, alilileta kutoka Pepa pamoja na maiti yako: mwizi. Kwamba uliiba bujii nne mpya, plagi za kuwasha injini, za motokari yake ya Pejo ukamuwekea za zamani. Kwamba njo sababu injini ilikohoa kila asubuhi kule juu kwenye baridi, na njo sababu muntu wake Bulongo alikupiga na manivela, chuma kile cha kuzungushia injini, mbele ya wachungaji wote wa ngombe zake, mpaka mbavu zikaingia ndani. Halafu walikutupa juu ya lori, katikati ya ngombe, na huko barabarani ukatuacha.

Nilikuosha mimi mwenyewe. Alama ya kwato ilikuwa kwenye shavu lako. Mimi niliyepasua kichwa cha kiboko pale mtoni Lukuga kwa mpini wa jembe, na mashahidi wangali hai, nilitoka inje nikatapika.

Mama yako aliacha kwenda misa. Alisema, "Padri akifika kwenye amri ya usiibe, kanisa lote linageuza shingo." Na mimi, ee, mimi nilitaka damu. Nilinoa panga mpaka ikawa nyembamba kama jani la mwanzi. Nilitembea nayo chini ya koti, kwenye joto hili la Kalemie, najiuliza Kaseba atashuka lini.

Akashuka. Akaja mwenyewe, mpaka kwenye uwanja wangu wa gereji, mchana wa jua kali, na ile Pejo inaimba kama cherehani. Tumbo lake lilitoka mlangoni kwanza, yeye akafuata, akaniita mwananchi kwa Kifaransa chake:

"Sitoyeni Sangwa! Mupwa wako aliniharibia motokari. Wewe njo mukubwa wa mafundi, haya, tengeneza."

Nyuma yake Bulongo anachokoa meno kwa kijiti cha kiberiti. Panga ilikuwa karibu, Kahozi. Nililipima lile shingo, nikaona mahali pa kukatia, mukunjo wa pili kutoka juu. Lakini masikio yangu hayakubali kupumzika. Haya masikio yalisikia kasoro ya treni ya Kabalo ikiwa bado Nyunzu! Yakasikia ile injini safi kabisa, pistoni nne zinafuatana kama wanakwaya. Nikajiuliza: mwizi gani huyu anayeiba bujii asubuhi na kuzirudisha mchana?

Nikaiacha panga. Nikamwambia, "Patro, ugonjwa wa baridi hauonekani kwenye jua. Motokari ilale hapa, niisikie ikiamka."

Wewe pia ulimwomba hivyo, nakumbuka. Alikujibu kwamba motokari yake hailali kwa watu. Na nani angelala raha katika nchi hii, akiacha gari kwa fundi na kulikuta asubuhi bila karbirateri ya kuchanganya petroli? Basi kila mara ulilipima likiwa na moto, hukusikia kitu, ukabadilisha bujii kwa kubahatisha. Halafu akakupeleka Pepa ukajisikilizie mwenyewe, na huko wakakupiga kabla hujafungua hata boneti. Safari hii alikubali, ila kwa sharti: yeye na Bulongo walale ndani yake.

Jua lilipozama nikamuona anafungua boneti. Akatoa kisu mfukoni. Akakichomeka chini ya kifuniko cha delko, kile cheusi kinachogawa moto kwa bujii, akakibandua kwa nguvu kama mtu anayefungua konokono. Ndani akachomoa kidole, kile kipande kidogo kinachozunguka, ambacho bila hicho injini haiwaki hata uisukume mpaka Kabimba. Akakitia katika mfuko wa shati.

"Hivi hata shetani haibi," akaniambia.

"Kila jioni unafanya hivyo?"

"Kila jioni. Pepa, hapa, popote."

"Na kisu?"

"Kifungio kilikatika zamani. Unataka kunifundisha motokari yangu?"

Nililala na ngumi zimefunga.

Mvua ilinyesha. Asubuhi ukungu wa ziwa ulikuwa mpaka mlangoni. Patro akarudisha kidole, akakandamiza kifuniko, akawasha. Paf! Paf-paf! Paf! Pejo inatetemeka kama muntu mwenye malaria. Nikatema mate juu ya mabomba ya moshi, moja moja, kama nilivyokufundisha. (Wewe ulikuwa unasema wewe njo ulinifundisha. Tusigombane sasa.) Bomba la kwanza na la pili mate yalichemka. La tatu na la nne yaliteleza tu. Pistoni mbili zilikuwa zimelala baridi.

Bulongo akacheka. "Si nilisema bujii? Ukoo wa wezi!"

Nikainua sauti, maana watu walikuwa wanapita, wanawake na mabeseni yao ya ndagala, wanaume wa bandarini. Nikasema, "Patro, toa bujii zako mwenyewe, mpya, zikiwa bado kwenye karatasi." Alikuwa nazo. Nikazifunga mbele ya macho yote. Paf! Paf-paf! Ileile. Watu wakasogea.

Nikaiacha ipate moto. Kidogo kidogo ikakauka, ikaanza kuimba. Nikachota maji kwa kiganja, nikarushia kifuniko cha delko. Paf! Ikakohoa. Nikakipangusa kwa shati langu: ikaimba. Nikarushia tena: ikakohoa. Mama mmoja akatua beseni lake chini. "Ala! Kumbe si bujii!"

Nikazima, nikabandua kifuniko, nikakipitisha mkono kwa mkono. Ndani kulikuwa na ufa unaotoka pale kisu kinapochomekwa, na juu yake mustari mweusi, mwembamba kama unywele ulioungua, umeshika misumari miwili, ile inayopeleka moto kwa bujii ya tatu na ya nne. Kila jioni kisu kiliupasua zaidi. Kila asubuhi ukungu wa Pepa uliingia humo, na moto ukakimbilia kwenye ule unywele, haukwenda tena kwa bujii. Jua likitoka, ufa unakauka, gari linapona.

"Patro," nikamwambia, "mwizi wa moto wako ni kisu chako. Mutoto wa dada yangu umemuua kwa kazi ya mukono wako."

Unajua alijibu nini? "Motokari njo yangu. Kisu njo changu."

Na Bulongo akaishika manivela. Ileile, Kahozi. Ilinipata begani, nikasikia mufupa unaita. Nikamuingia. Ngumi yangu ilifika mdomoni mwake na ikaendelea na safari. Tulianguka kwenye shimo la mafuta machafu, nikamng'ata sikio, akanikaba, nikampiga kichwa, tukatoka humo weusi kama makaa. Mlima ulitikisika, na meli bandarini ikapiga honi bila nahodha kuigusa. Uliza muntu yeyote. Alipoanza kutambaa, manivela ilikuwa mikononi mwangu.

Nikamkandamiza Kaseba juu ya boneti yenye moto. Alinuka hofu, mbaya kuliko samaki wa jana. Nikainua chuma. Nakuapia, mukono ulikuwa umekwisha kuanza kushuka.

Mama yako akaingia katikati. Sikumuona alipotoka. Hakunigusa mimi. Alimkamata yule muntu shati, kwenye mfuko ule wa kidole, akamwambia:

"Sema."

"Niseme nini, Mama?"

"Jina la mutoto wangu, na kile ambacho hakufanya."

Akanong'ona.

"Wanawake wa ndagala hawajasikia."

"Kahozi hakuiba."

Akampiga kofi. "Tena."

"Kahozi hakuiba!"

Kofi. Akamsemesha mpaka sauti ikampasuka, mpaka vijana wa bandarini wakaanza kuitikia naye, na damu ya pua yake ikachuruzika juu ya ile rangi nyeupe ya Pejo. Nikamwambia mama yako, dada yangu mukubwa, "Yaya Feza, sogea, nimalize."

Hakusogea. "Ukimuua, maneno haya yanakufa pamoja naye. Hapa wamesikia. Na Pepa je? Mutoto wangu alipigwa Pepa, alitukanwa Pepa. Apande akaseme Pepa."

Basi kesho tunaondoka; usiku huu vijana wa bandarini wanamlinda Kaseba asikimbie. Nimefunga kifuniko kingine nilichotoa kwenye gari bovu, hatutakohoa njiani. Kaseba ataendesha, mimi pembeni yake, mama yako nyuma juu ya magunia. Bulongo anabaki, hawezi kutafuna hata uji. Watu wananiambia, Sangwa, kule juu huyo ana wachungaji wengi wenye mikuki, hamtarudi. Nimewajibu kwamba mimi peke yangu ni jeshi. Lakini wewe nikuambie: tangu asubuhi nimekagua breki mara tatu, na bado nainuka kuzikagua tena.

Ninakuahidi hili. Atasimama palepale walipokushikilia. Wachungaji wataitwa wasogee, wote, hata wale walioshika miguu yako. Atasema kwa Kiswahili, halafu kwa Kitabwa, lugha ya huko, asibaki muntu wa kudai hakuelewa. Na akiyameza maneno, manivela iko chini ya kiti changu, na mama yako ameniambia kwamba safari hiyo yeye atatazama upande wa ngombe.

Lala, Kahozi. Msalimie baba yako. Tukirudi, nitakuja kaburini na kupiga kelele mpaka wafu wote wa upande huo walijue jina lako. Tusiporudi, tusogezee mahali pa kukaa, na mama yako njo atakusimulia. Mimi ungesema naongeza chumvi.

Mujomba wako,
Sangwa