Daktari Chu amepima boga

Kang, upo? Ndiyo kwanza natoka kwenye mashindano ya mazao ya ushirika. Boga langu limeshinda, lile nililolipulizia homoni ya kukuzia mimea waliyotugawia wakubwa.

Unajua jaji alikuwa nani? Daktari Chu wa zahanati yetu. Chu yuleyule.

Kalizungushia futi. Kaligonga, katega sikio. Kalibonyeza pande zote, taratibu. Boga, Kang.

Mke wangu Fenglian tumbo lilimvimba mwaka mzima, huyu hakumgusa hata kwa kidole. Alikaa mezani kwake akamwambia, "Shemeji, umenenepa tu, punguza maandazi." Mjini walimpiga picha wakaona mara moja: uvimbe wa maji kwenye ovari, umejaa tumbo zima. Ukampasukia kabla hawajamfanyia upasuaji.

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwuliza mbele za watu, "Daktari, mke wangu mbona hukumpima hivyo?"

Hata futi hakuiweka chini. "Mzee Geng, boga halina haya. Mkeo angekubali kufunua tumbo?"

Boga halina haya. Kasema hivyo, na mke wangu yuko kaburini. Hakumwambia afunue hata siku moja.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti Luan wa ushirika, aliyempa Chu hiyo kazi ya ujaji, akanipiga bega: "Mshindi hanuni, mzee. Cheka tupige picha."

Wote wakanitazama.

Nikacheka, Kang. Nimelikumbatia boga, nacheka.

Picha wameshaiweka kwenye kundi la kijiji. Ukiiona, usiniulize nilikuwa namcheka nani.