Macho Mekundu ya Kimaren

Jumanne, 5 Machi 2024
Wiki ya tatu ya ndoa! Nikiandika “mume wangu” mkono unataka kucheka. Kimaren anasomea mtihani wa kuongoza watalii, ni Jumatatu. Asipofaulu, kazi ya kule kreta, bondeni kwa wanyama, hapati. Notsi zote ziko kwenye tableti. Ila kuna kitu. Nikimsogelea anaigeuzia ukutani. Macho mekundu, anayafikicha tu. Nani anamliza mpenzi wangu? Kuna msichana wa kwao Olbalbal?

Jumatano, 6 Machi
Nimemuuliza. Akacheka — kile kicheko! Eti kioo kinamchosha macho. Nikasema nione. Ngoja nimalize ukurasa, akasema. Ukurasa gani wa saa nzima? Dada Angelina kanicheka: we endelea kumkaangia mayai, mwenzio anachati!

Alhamisi, 7 Machi
Kaenda sokoni, nikaipekua tableti yote. Hakuna msichana! Ndege watupu, na picha yetu ya harusi. Aibu yangu! Lakini kweli maandishi yana ukungu. Kurasa mbili tu, kichwa kikaniuma. Nikaipeleka kwa fundi simu, Wilibrodi.
“Shemeji, nani kashusha rezolusheni, ukali wa kioo, hivi? Herufi zimekwanguka kingo, jicho linahangaika kuziunga. Lazima lichoke!”
Nikaelewa. Januari, kabla ya harusi, Kimaren alikuwa Olbalbal na ng'ombe wa baba yake. Sola ya kuchajia iko mwendo wa nusu siku, kwa hiyo wote kule hushusha ili chaji ikae. Karudi Karatu, akasahau! Wilibrodi kaipandisha. Herufi kali, nyeusi, kama za kitabu kipya. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 9 Machi
Tangu juzi anasema, “Sasa naona vizuri kabisa, mke wangu.” Mbona macho bado mekundu? Mbona bado anageukia ukutani?
Mchana huu nilikaa naye. Nikampa tableti, nikamwambia nimekufungulia picha ya tai kwenye notsi zako. Kumbe nilikosea, nilikuwa nimefungua ukurasa wa mipangilio ya tableti. Mistari mitupu, hata picha hakuna! Kabla sijasema, akaishika mbali, mkono umenyooka. Akatabasamu.
“Tai mzuri sana huyu. Nisomee wewe, Lusia. Napenda sauti yako.”
Kumbe macho yenyewe ndiyo hayaoni! Mwongoza watalii huajiriwa kwa macho yake. Amejua tangu lini? Alijua siku ya harusi?
Akaniwekea kichwa begani, anasubiri. Nikaitazama ile mistari ya mipangilio, nikaanza kumsomea habari za tai.